Nduli na Fashisti Si Mtu Mmoja

Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, Watanzania walimpachika mtawala yule majina mawili ambayo kizazi cha wakati ule hakijayasahau: nduli na fashisti. La kwanza lilimkaa sawasawa. La pili lilikuwa limekwisha kuzoeleka masikioni, kwani kwa miaka mingi wapigania uhuru wa FRELIMO, waliokuwa na makao yao Dar es Salaam, walikuwa wakiuita utawala wa Ureno nchini Msumbiji ukoloni wa kifashisti. Tangu enzi hizo neno hilo halijapumzika. Hurushiwa mkuu wa polisi aliyetawanya maandamano, hurushiwa waziri aliyefungia gazeti, na hata wapinzani hurushiana wao kwa wao wanapogombania uongozi. Nakusudia kuonyesha hapa kwamba Amin hakuwa fashisti, na kwamba kulisema hilo si kumpunguzia hatia hata chembe. Anayeamini kuwa alama ya ufashisti ni ukatili wa mtawala ataungojea uje usiku na vifaru, ilhali ufashisti wenyewe, kule ulikozaliwa, ulikuja mchana kweupe, ukakaribishwa na mfalme na kupigiwa kura ya imani bungeni.

Tarehe 23 Machi 1919, katika ukumbi mmoja wa Piazza San Sepolcro mjini Milan, Benito Mussolini aliwakusanya askari waliorudi vitani na hasira zao, wapenda taifa wa siasa kali, na baadhi ya watu waliowahi kuwa wasoshalisti kama yeye mwenyewe. Alikuwa mhariri wa Avanti!, gazeti la Chama cha Kisoshalisti, hadi mwaka 1914 alipofukuzwa kwa kutaka Italia iingie vitani. Madai yao ya mwanzo yalichanganya ya kushoto na ya kulia, na katika uchaguzi wa Novemba 1919 orodha ya Mussolini mjini Milan haikupata hata kiti kimoja. Laiti mambo yangeishia hapo, jina lake lingejulikana kwa wanahistoria wachache tu.

Kilichowanyanyua kilitokea mashambani. Katika bonde la Mto Po, vyama vya vibarua wa mashamba vilivyoongozwa na wasoshalisti vilikuwa vimepata nguvu ya kuamua nani aajiriwe na kwa ujira gani, na mwezi Septemba 1920 wafanyakazi wa kaskazini waliviteka viwanda na kupandisha bendera nyekundu juu ya mapaa yake. Wenye mali wakaingiwa na hofu kubwa. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka huo, vikosi vya vijana waliovaa mashati meusi vilianza kusafiri kwa malori, kwa gharama za wenye mashamba, vikizichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi, vikiwapiga viongozi wao, vikiwanywesha kwa nguvu mafuta ya nyonyo ili waaibike mbele ya majirani zao, na mara nyingine vikiwaua kabisa. Polisi walitazama pembeni. Maofisa kadhaa wa jeshi waliwapa silaha. Katika muda wa miaka miwili tu, mikoa ambayo wasoshalisti walikuwa wakishinda kwa kura nyingi ikawa haina tena ofisi ya kisoshalisti iliyosimama, wala diwani wa kisoshalisti aliyethubutu kuhudhuria kikao.

Wakubwa wa siasa za zamani waliyaona yote hayo, nao wakadhani wamepata chombo. Waziri Mkuu Giovanni Giolitti, mliberali mzoefu aliyewahi kuwatumia na kuwatupa watu wengi, aliwaingiza mafashisti katika orodha yake ya uchaguzi wa Mei 1921, na hivyo wakapata viti 35. Tarehe 28 Oktoba 1922 Mashati Meusi walipoelekea Roma, serikali ya Luigi Facta iliandaa amri ya hali ya hatari, lakini Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kuitia sahihi. Mussolini hakuwa katika msafara ule. Alikuwa Milan akisubiri mwito, na mwito ulipofika alisafiri kwenda Roma kwa treni ya usiku. Katika baraza lake la kwanza la mawaziri walikuwamo waliberali na Wakatoliki, na mwezi Novemba bunge ambalo ndani yake wabunge wa chama chake walikuwa wachache mno lilimpa imani kwa kura 306 dhidi ya 116. Miongoni mwa waliomuunga mkono mwanzoni alikuwa mwanafalsafa Benedetto Croce, ambaye baadaye alisimama imara kumpinga.

Kutokana na simulizi hiyo naweza sasa kutoa maana ninayoitumia. Ufashisti ni vuguvugu la umma linalolihubiria taifa kwamba limeoza na limedhalilishwa, na kwamba litazaliwa upya kwa kumsafisha adui aliyemo ndani yake. Linalowakabidhi kazi hiyo wanachama wake wenyewe, wenye sare na silaha, kabla ya kuishika dola na baada ya kuishika. Na linaloingia madarakani kwa mapatano na wakubwa wa zamani wanaodhani kwamba wataliongoza wao. Sehemu ya kwanza ya maelezo haya ina deni kwa mwanahistoria Roger Griffin, aliyeliweka wazo la taifa kuzaliwa upya katikati ya uchambuzi wake, na sehemu ya mwisho ina deni kwa Robert Paxton, aliyesisitiza kwamba mafashisti wachunguzwe kwa waliyoyatenda na kwa washirika waliowapata kuliko kwa waliyoyaandika. Mimi naliona jambo la katikati, yaani ukatili uliokabidhiwa raia wa kawaida wenye kadi ya chama, kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote, na nitalirudia.

Tumpime Amin kwa maana hiyo. Alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Hakuwa na chama, na hakutaka kuwa nacho. Alilivunja bunge, akapiga marufuku shughuli za siasa na kutawala kwa amri za kijeshi. Mwezi Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na mwezi uliofuata alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi iliyomsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Ni maneno ya kutisha, na aliyeyasoma wakati ule alikuwa na kila sababu ya kumwita fashisti. Hata hivyo, waliowateka watu Kampala na kuwaua walikuwa askari na maofisa wa usalama wanaolipwa mshahara. Raia wa kawaida wa Uganda hakuitwa mkutanoni, hakuvishwa sare, hakufundishwa kuona fahari katika kumpiga jirani yake; alitakiwa anyamaze na ajifiche. Utawala wa namna hiyo huwataka watu wakae kimya majumbani mwao, ilhali ufashisti huwataka barabarani wakipiga kelele. Ndiyo maana utawala wa Amin ulipokwisha mwaka 1979 haukuacha nyuma yake chama wala wafuasi walioshikilia mafundisho yake, kwa kuwa mafundisho hayakuwapo.

António de Oliveira Salazar, mtawala wa Ureno, ni shauri gumu zaidi. Alikuwa profesa wa uchumi kutoka Coimbra aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1932, akaweka katiba mpya mwaka uliofuata, akawa na chama kimoja, kikosi cha vijana wenye sare, polisi wa siri na kambi ya wafungwa huko Tarrafal, Cape Verde. Mavazi, kwa hiyo, aliyaazima. Lakini kundi la Wareno waliotaka ufashisti wa kweli, wakiongozwa na Francisco Rolão Preto, alilivunja yeye mwenyewe mwaka 1934, kwa sababu aliuogopa umma hata ukiwa upande wake. Alichokitaka ni nchi tulivu ya wakulima, mapadre na watumishi watiifu. Francisco Franco wa Hispania aliwatumia mafashisti wa Falange katika vita, kisha mwezi Aprili 1937 akawachanganya kwa amri moja na wafuasi wa ufalme, na tangu hapo wenye kauli wakawa majenerali na maaskofu. Hawa wawili nawaita wahafidhina wa kidikteta. FRELIMO walikuwa na haki ya kutumia neno kali zaidi, kwa kuwa walikuwa vitani, na aliyepigwa mabomu halazimiki kuchagua maneno kwa uangalifu wa mwandishi wa makala.

Kuna wanaosema kwamba chama kimoja peke yake chatosha kuwa ushahidi. Hakitoshi. Tanzania ilikuwa na chama kimoja kisheria kuanzia mwaka 1965 hadi 1992 na Kenya kuanzia mwaka 1982 hadi 1991, na mifumo hiyo ilikuwa na kasoro kubwa, zikiwamo za kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka, lakini utaifa wake ulijengwa juu ya kuwaunganisha watu wa makabila na dini mbalimbali dhidi ya urithi wa mkoloni. Utaifa wa kifashisti huanza kwa kuwagawa raia, ukisema kwamba wapo ambao kuwapo kwao tu kunalichafua taifa. Katika ukanda wetu, kilichokaribia zaidi alama niliyoitaja enzi za chama kimoja ni Young Pioneers wa Malawi, vijana wenye silaha wa Kamuzu Banda, ambao mwishowe ilibidi jeshi liwanyang'anye silaha kwa nguvu mnamo Desemba 1993.

Ukomunisti wa Stalin unahitaji nafasi zaidi, kwa sababu kwa nje unafanana na ufashisti kuliko mfumo mwingine wowote: chama pekee, picha ya kiongozi kila ukutani, polisi wa siri, makambi. Aliyekufa kwa njaa Ukraine mwaka 1933 au kwa baridi ya makambi ya Kolyma, mashariki ya mbali ya Urusi, hakupata nafuu yoyote kutokana na tofauti za kifalsafa. Lakini tofauti zipo, na ni kubwa. Wakomunisti waliivunja dola ya zamani, wakamuua mfalme, wakawanyang'anya wenye mashamba na wenye viwanda mali zao. Mafashisti waliingia kwa mkono wa mfalme, wakafanya mkataba na Papa mwaka 1929, wakapiga marufuku migomo mwaka 1926 na kuwaachia wenye viwanda viwanda vyao. Wakomunisti walidai, hata walipokuwa wakiyakanyaga madai yao wenyewe, kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba vita vitakoma siku matabaka yatakapokoma. Mafashisti walifundisha kwamba kutokuwa sawa ndiyo sheria ya maumbile na kwamba vita ni shule ya wanaume. Wanaoushikilia usoshalisti uliomo katika jina la chama cha Hitler wakumbuke kwamba vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani vilivunjwa tarehe 2 Mei 1933, siku moja tu baada ya Hitler kuwaandalia wafanyakazi sikukuu kubwa, na kwamba walioyachukulia kwa dhati maneno ya kisoshalisti ndani ya chama, akiwamo Gregor Strasser, waliuawa mwishoni mwa Juni 1934.

Hapa ndipo penye mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote juu ya gharama ya kutumia neno ovyo. Kuanzia mwaka 1928 jumuiya ya vyama vya kikomunisti ya kimataifa, Kominterni, ilishikilia kwamba wasoshalisti wa kidemokrasia ni mafashisti wa aina nyingine, tena wa hatari zaidi kwa kuwa wanawadanganya wafanyakazi. Katika uchaguzi wa Ujerumani wa Novemba 1932, Wanazi walipata asilimia 33.1 ya kura, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia asilimia 20.4 na wakomunisti asilimia 16.9. Vyama hivyo viwili kwa pamoja viliwashinda Wanazi, lakini havikuwahi kukaa pamoja hata siku moja, na sababu ya utengano huo haikuwa upande mmoja tu. Tarehe 30 Januari 1933 Rais Paul von Hindenburg alimteua Hitler kuwa mkuu wa serikali, kwa ushauri wa Franz von Papen na wahafidhina wenzake walioamini kuwa wamemzingira. Tarehe 23 Machi, wakomunisti wakiwa wamekamatwa au wamezuiwa kuingia bungeni, wabunge 94 pekee ndio waliopiga kura kuikataa sheria iliyompa mamlaka yote, na wote 94 walikuwa wa chama kilekile kilichoitwa cha kifashisti. Mwaka 1935 Georgi Dimitrov, kiongozi wa Kominterni, alisimama Moscow kuutangaza mwelekeo mpya wa muungano dhidi ya ufashisti, ambao aliueleza kuwa udikteta wa kigaidi wa mabepari wa fedha. Maelezo yake yana ukweli kuhusu nani aliyetoa pesa. Hayaelezi kwa nini mwenye duka dogo, mwanafunzi na askari aliyerudi vitani walikubali kwenda usiku kuchoma ofisi ya watu wasiowadai kitu.

Kuhusu ubaguzi wa rangi, husemwa mara nyingi kwamba ndio unaoutenga Unazi na ufashisti wa Italia, na kwamba Mussolini aliingia katika ubaguzi mwaka 1938 tu, alipotunga sheria dhidi ya Wayahudi ili kumfurahisha Hitler. Ni kweli kwamba Wanazi waliliweka suala la damu mahali pa dini, na kwamba chama cha Italia kilikuwa na wanachama Wayahudi kwa miaka mingi. Lakini anayetoa hoja hiyo ameisahau Afrika. Italia ilikwisha kuwafungia katika makambi ya Cyrenaica, nchini Libya, watu wapatao 100,000 kuanzia mwaka 1930, na mwezi Septemba 1931 ilimnyonga Omar Mukhtar, kiongozi wa wapiganaji walioipinga, mbele ya watu wake. Tarehe 3 Oktoba 1935 iliivamia Ethiopia na kutumia gesi ya sumu ambayo yenyewe ilikuwa imetia sahihi mkataba wa kuikataza. Na mwezi Aprili 1937, mwaka mzima na zaidi kabla ya sheria dhidi ya Wayahudi, ilitunga sheria ya kumfunga kati ya mwaka mmoja na mitano Mwitaliano atakayeishi na Mwafrika wa makoloni yake kama mume na mke.

Je, huo haukuwa ukoloni wa kawaida tu? Swali hili ni la haki, kwa maana Wajerumani katika vita vya Maji Maji waliteketeza vijiji na maghala hadi njaa ikaimaliza kusini ya Tanganyika, na hakuna aliyewaita mafashisti. Jibu langu linatoka Addis Ababa. Tarehe 19 Februari 1937 vijana wawili walimtupia mabomu ya mkono Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitaliano. Jioni ile katibu wa chama cha kifashisti mjini aliwapa ruhusa wanachama wake, na kwa siku tatu Mashati Meusi, wakiwamo madereva, mafundi na vibarua wa Kiitaliano, walipita mitaani wakiua kwa marungu na visu na kuzichoma nyumba za watu zikiwa na wenyewe ndani. Serikali ya Ethiopia ilihesabu vifo 30,000. Utafiti wa karibuni unakadiria watu wapatao 19,000. Mwezi Mei waliuawa mamia ya watawa na waumini wa Debre Libanos, safari hii kwa mkono wa jeshi. Mkoloni wa kawaida hutuma kikosi cha adhabu na kumwambia raia wake abaki nyumbani. Addis Ababa ilishuhudia raia akikabidhiwa rungu na chama chake na kuambiwa kwamba kuua ndiyo heshima ya taifa. Mpaka baina ya mambo hayo mawili haukunyooka kama rula, kwani walowezi wa nchi nyingine nao walifanya mauaji yao, lakini upo.

Watu wa upande wetu waliyatambua mapema. Jomo Kenyatta, akiwa London mwaka 1935, alikuwa katibu wa umoja ulioundwa na Waafrika na watu wa Karibi kuitetea Ethiopia, na mwaka 1941 askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa miongoni mwa waliowatoa Waitaliano Somalia na Ethiopia. Nasikitika kwamba shuleni historia hiyo hupitiwa kwa haraka, kana kwamba ufashisti ni habari ya Wazungu peke yao.

Ikiwa basi tunatafuta katika eneo letu jambo lililoukaribia ufashisti, tusiende Kampala ya mwaka 1971. Twende Kigali ya mwaka 1992. Rwanda iliruhusu vyama vingi mwaka 1991, na ni katika msimu huohuo wa ushindani ambapo Interahamwe, umoja wa vijana wa chama tawala cha MRND, ulikua ukawa kundi la wanamgambo waliofunzwa kijeshi. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, iliwafundisha wasikilizaji kumwona jirani Mtutsi kama adui aliyemo ndani ya taifa. Kuanzia Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, panga lilikabidhiwa mkulima na mwalimu, na kizuizi cha barabarani kikawa kazi ya ujirani. Tofauti na Italia zipo: mpango wote ulisukwa na watu waliokwisha kuishika dola, na walidai kuyalinda mapinduzi ya mwaka 1959 badala ya kuahidi taifa jipya. Kwa sababu hiyo nasita kuliweka jina la ufashisti juu yake bila maelezo. Lakini lile jambo la katikati lilikuwapo lote.

Vyama vya mrengo wa kulia vinavyoshinda chaguzi Ulaya leo vipimwe hivyohivyo. Giorgia Meloni, waziri mkuu wa Italia tangu Oktoba 2022, anaongoza chama chenye mwali wa moto katika nembo yake, uliorithiwa kutoka kwa chama kilichoanzishwa mwaka 1946 na watumishi wa zamani wa Mussolini. Ukoo wa kisiasa ni huo na haufichiki. Hata hivyo alishinda kwa kura, wapinzani wake wameshinda chaguzi za mikoa chini ya serikali yake, na chama chake hakina kikosi kinachopiga watu. Namwita mhafidhina wa mrengo mkali wa kulia, na siasa yake juu ya wahamiaji naipinga kwa jina lake halisi. Siku nitakapoona vijana wa chama wakichoma ofisi ya wapinzani, polisi wakitazama pembeni na waziri akinyamaza, nitalitumia neno fashisti bila kusita, hata ikiwa uchaguzi bado unafanyika kwa ratiba yake.

Kipimo hicho nakileta pia hapa kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 91, inakikataza chama cha siasa kuunda au kuwa na kikundi cha wanamgambo, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2019, ina katazo la namna hiyohiyo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliofuatilia Burundi baada ya mwaka 2015 waliwataja mara kwa mara Imbonerakure, vijana wa chama tawala, miongoni mwa waliowatesa raia. Italia ya mwaka 1920 nayo haikukosa sheria dhidi ya kuchoma nyumba na kupiga watu; zilikosekana mahakama na polisi wa kuzitumia dhidi ya vijana waliofadhiliwa na wenye nguvu. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila msajili wa vyama, kila mkuu wa polisi na kila mgombea, wa chama tawala na wa upinzani, ni lini mara ya mwisho katazo hilo lilitumika dhidi ya kundi la vijana wa chama kilichopo madarakani.